Kifaru Kisicho na Pembe

Mafundi walikiinua kichwa chake kwa winchi,
wakakilaza nyasini kama sufuria iliyopinduliwa.
Mzinga ukabaki karakana. Sisi tukapewa shimo lililo wazi,
bunduki moja, redio, na agizo:
nendeni, mwone, mrudi.
Mrudi, alikariri Sajini Melanson,
kana kwamba kurudi kulikuwa hiari yetu.

Kifaru gani huyu, tuliuliza, asiye na pembe?
"Wa macho," alisema Aucoin, dereva,
akapiga chuma kofi kama anayemtuliza ng'ombe.

Vifaru vikubwa huvikwa chuma cha kustahimili jibu.
Sisi tulikuwa swali.
Mzinga uliojificha hauonekani mpaka useme,
na ili useme, lazima awepo wa kusemeshwa.
Ijumaa alikuwa Boudreau, kwenye daraja la matofali.
Ripoti yake bado ni nusu sentensi.

Novemba, bonde la Lamone. Ukungu.
Mizabibu imebaki kamba na nguzo.
Aucoin alizima injini nyuma ya tuta, tukasikiliza:
bata, maji ya mfereji, chuma kikipoa.
Kisha viatu vya mbao.

Argia Zoli, miaka sitini na kitu, na ndoo ya matunda ya kaki.
Mti huo hupukutisha majani yote
ukabaki umewasha taa zake tu.
Hakutusalimu. Alifungua mkanda wa aproni,
akaunyoosha juu ya bamba la mbele: mfereji.
Tunda hapa, kona ya makaburi. Mzinga.
Tunda pale, chini ya nyasi kavu za Fabbri. Mzinga.
La tatu alilisogeza, akalirudisha,
kama anayepima chumvi.
La nne alikaa nalo mkononi.
Nilidhani amesahau.
Akaliweka kando ya mkanda, taratibu, lisiviringike,
akajigusa kifua kwa kidole.
Kwangu.

Sajini alitambaa na darubini hadi juu ya tuta,
akarudi na matope masikioni.
"Yote manne."

Nikashika redio. Sauti yangu ilikuwa safi siku ile,
naona haya nikikumbuka ilivyokuwa safi.
Namba sita. Namba sita. Namba sita.
Kisha namba sita za paa lake,
naye amesimama pale anafunga aproni,
asiyejua namba zetu, anayejua yote.

Tulirudi. Hatukufyatua hata risasi.
Alfajiri mizinga ya nyuma ilisema kwa niaba yetu,
dakika kumi na moja,
na makao makuu yakatuma pongezi: hakuna hasara.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Aambiwe nini, basi, akishatazama?

Tunda la nne nililikuta jioni
limepondeka ndani ya sanduku la redio,
utamu wake umeenea kwenye swichi zote,
vidole vikinata
kila nilipoita kituo.