Kisanduku cha Kumi na Nne

Kila Machi bahasha ya kahawia
hupenya tundu la mlango wa akina Ashworth,
Barabara ya Colne, Burnley, na mvua nyuma yake.
Mimi ndiye niiokotaye.
Nalipwa kwa saa: kumwogesha Kieran, kumvisha,
kumpaka mafuta pale mapaja yanapoishia.

"Soma," anasema, povu lingali sikioni.
Nasoma. Serikali inampa pole.
Inathamini mchango wake. Kisha swali la tisa:
Je, hali ya miguu yako imebadilika
tangu ulipojaza fomu ya mwaka jana?

Maureen, mama yake, huacha kumenya viazi.
"Waambie haijaota."
Mwaka wa sita huu anasema hivyo,
na mwaka wa sita huu hakuna anayecheka.

Kwetu Kasulu pole huja na mikono.
Huja na kibaba cha unga, na kuni kichwani,
huketi mkekani, haina haraka,
na ikikosa la kusema hupepeta mchele.
Ya hapa ina namba ya kumbukumbu.

Novemba waziri alikuja,
ua jekundu la karatasi kifuani.
Aliinama, akaushika mkono wa Kieran.
Mpiga picha akasema mwanga hautoshi,
basi akauachia, akaushika tena,
na huzuni ikamrudia usoni palepale ilipokuwa.
Taifa halisahau, alisema.
Chai yake ilipoa. Maureen aliimwaga,
akakiosha kikombe mara mbili.

Dirishani kwao unaiona hoteli
isiyopokea wageni tena.
Orofa ya tatu anakaa Zalmay,
aliyekuwa mdomo wa kikosi kule vumbini:
akitafsiri wazee, vitisho, bei ya mbuzi.
Siku ardhi ilipopasuka
ni yeye aliyeyafunga mapaja ya Kieran kwa kilemba chake,
akambeba, akimwita jina kwa makosa,
Kiran, Kiran, asije akalala.

Naye ana barua. Jioni nafagia korido zile,
aliniomba nimsomee tena, pengine amekosea neno.
Hakukosea. Tunasikitika.
Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ulihudumu.
Una siku ishirini na nane.

Niliikumbuka ile ya asubuhi:
karatasi ileile, na chini sahihi ileile,
mkia wa herufi ya mwisho umepinda kama ndoano.

Mkataba wangu unanikataza
kubeba habari nyumba hadi nyumba.
Niliibeba. Nikiwa nafunga vifungo vya shati lake,
kifungo cha tatu, nilisema.

Birika lilipiga mluzi,
likapiga, hakuna aliyelizima.
Kisha Kieran akataka kalamu.
Vidole vyake vimebaki viwili, kwa hiyo
kalamu niliishika mimi, maneno yakawa yake.
Kisanduku cha kumi na nne: taarifa nyingine yoyote.
Wameacha mistari mitatu.

Andika, akasema.
Miguu haijabadilika.
Aliyenibeba yuko ng'ambo ya barabara, chumba 312.
Ushahidi mnaoutafuta una kilo hamsini na nne
na huogeshwa kila asubuhi saa mbili.
Njooni muupime.

Maneno yalipita mistari, yakapanda pembeni,
yakazunguka nembo ya taji.
Maureen aliilamba bahasha kwa ulimi mkavu,
akaenda mwenyewe hadi posta, bila mwavuli.

Leo ni siku ya ishirini na sita.
Nimepanda na ufagio wangu.
Mlango wa Zalmay uko wazi kidogo:
shati moja kitandani, analikunja,
analikunjua, analikunja.

"Kiran hajambo?" ananiuliza.
Hajambo, nasema.
Nafagia pale pale nilipokwisha kufagia.