Umio

Mara ya kwanza kilinikamata ghalani, Newala,
gunia la Somoe Nalinga likiwa juu ya mizani,
mdomoni nina kipande cha muhogo mkavu,
mkononi chupa ya maji ya baridi.
Nikameza.
Kitu kikafunga ngumi nyuma ya mfupa wa kifua
kikaanza kunikamua
kama tunavyokamua mabibo mwezi wa kumi
mpaka yabaki makapi.

Nikasema kimoyomoyo: basi, ni zamu yangu.
Kaka yangu Chinduli alianguka hivihivi
uani kwake Kitangari, tonge halijafika kinywani.
Somoe alipiga ukunga, karani mwenzangu akanipepea kwa stakabadhi,
na mimi, Mungu anisamehe, nilichowaza kwanza
ni nani atasaini kitabu cha uzito.

Dakika kumi. Kisha ngumi ikafunguka yenyewe,
kama haikuwahi kuwepo.
Hakuna aibu kama ya mtu aliyeaga watu
kisha akabaki.

Mtaani wakagawana sababu.
Shemeji alisema moyo.
Mama Akwino alisema jini la kisima cha bondeni.
Fundi Likapa alisema mwiba wa samaki, akaniletea donge la ugali
nilimeze zima, bila kutafuna.
Nikalimeza.
Usiku ule nililala nimeketi, mgongo ukutani,
nikihesabu majogoo.

Walinibandika nyaya kifuani mara tatu, miezi mitatu,
na kila mara karatasi ilitoka na vilima vyake, vilima vizuri.
“Moyo wako ni mchapakazi kuliko wewe,” alisema Dakta Veneranda,
mdogo kwa binti yangu.
Akaninywesha uji mweupe, mzito kama chokaa,
akanisimamisha mbele ya mashine,
na kwenye kioo nikaiona njia yangu ya chakula
imejisokota kama kamba iliyolowa.
“Huu ni umio.”

Umio.
Miaka hamsini na minne nimemeza kwa kitu
nisichokijua jina,
na jina lenyewe liko herufi moja tu kutoka *umia*.

Akanieleza kwa maji, maana Newala kila mtu anayaelewa maji:
“Fikiria watu wamejipanga mlimani, wanapokezana ndoo.
Huyu anashika, anampa mwenzake, anaachia.
Wako, siku nyingine, wanaishika wote kwa pamoja,
na hakuna anayeachia.”
“Kwa nini?”
“Hatujui yote.”
Nilimpenda kwa hilo.

Akanipa vidonge, akaniagiza maji ya vuguvugu,
nisilale tumbo likiwa limejaa, nitafune kama mzee asiye na meno.
Kisha akaishika kalamu yangu mfukoni, akaitikisa:
“Lakini yakija na jasho, au yakishuka mkononi,
usikae ukajidanganya kwamba ni umio. Njoo. Usiku ule ule.”

Mimi ni mtu wa kupima. Nikafungua daftari.
Jumanne, soda ya barafu: kimekamata.
Alhamisi, ming'oko kwa pilipili, nikiwa na haraka: kimekamata.
Siku ya mnada bei ilipoporomoka, sikuwa nimekula kitu:
kimekamata, tena vibaya.
Ijumaa, soda ileile, barafu ileile, nilisahau: hakuna kitu.
Hapo nimeweka alama ya kuuliza
na bado ipo.

Siku hizi Tekla humaliza, huosha sahani, huchambua mchele wa kesho,
akirudi ananikuta na vipande viwili.
“Unakula kama mtu anayesoma barua ya deni.”
Simjibu, nasikiliza.
Namenya mng'oko uliopoa, natafuna mpaka uwe maji,
naushusha, na huko chini nasikia mikono:
pokea, achia,
pokea, achia.

Jioni nyingine mkono mmoja unakataa.
Naweka sahani chini. Nanywa funda moja la uvuguvugu.
Simwagi mtu tena.
Nakaa, nasubiri
aiachie ndoo.