Sita, Labda Saba

Hema: yuro thelathini na tisa, rangi ya haradali,
kutoka duka la Lappeenranta linalofunga milango Jumamosi.
Tulilijaribu kwanza uani. Unto alishika mpira wa bustani
akalinyeshea mvua ya bomba dakika kumi nzima,
nami nimeketi ndani na kikombe cha kahawa,
nimetega sikio kama daktari juu ya kifua cha mtoto.
Halikukohoa.
Nikaandika daftarini: nane.

Kayaki ya kupulizwa, ya mkono wa pili,
viraka viwili tumboni kama magoti ya suruali ya shule.
Aliyeniuzia aliapa kwamba haina neno.
Kitu kisicho na neno, nimegundua,
huwa na maneno mengi ukishafika katikati ya maji.

Tuliishusha Saimaa asubuhi moja ya Juni.
Maji baridi ya kukata mazungumzo.
Kasia la plastiki hupinda kila nikilivuta,
linakubali kwanza, halafu linafikiria.
Sita, nikasema.
Unto akasema tano.
Kasia ni langu. Sita.

Rahisi ni ghali, watu husema,
na wasemao hivyo aghalabu wana fedha za kuthibitisha.
Mimi nimesugua masufuria ya shule miaka thelathini na mmoja;
nakijua kitu cha bei ndogo.
Kina mahali pake pa kushikwa.
Ukipakosa, kinakuaibisha mbele za watu.

Jaketi la kuokolea tu nililinunua jipya, bei kamili,
bila kuomba nipunguziwe hata senti.
Kuna mahali ubahili hushuka garini.

Usiku kisiwani haukuwa usiku:
mwanga wa kijivu, kama maji ya mchele,
na ndege mmoja ziwani aliyelia kama mlango usiopakwa mafuta.
Saa saba ikaja mvua, ya kweli sasa, si ya bomba,
mvua inayojua kuingia ubavuni.
Tone la kwanza lilimwangukia Unto sikioni.
Tukatega sufuria.
Tone. Kimya. Tone.
Nikaikata ile nane kwa kalamu iliyolowa,
nikaandika: *mshono wa kaskazini, gundi.*

Kwenye mwamba wa pili kulikuwa na hema jingine,
la gharama ya kayaki zangu ishirini,
limejikunja vizuri kama kobe aliyesoma.
Saa tisa mwenyewe akaja, maji yakimteleza begani,
jaketi lake halilowi hata kwa kulazimishwa.
"Samahani," akasema. "Mna kiberiti?"
Jiko lake huwashwa kwa kitufe,
na kitufe kimekunywa maji.

Nikatoa chupa ya jamu.
Kwenye mfuniko, mwandiko wa mama yangu: *stroberi, 1994.*
Ndani, njiti kumi na saba, kavu kama biskuti.
Akaigeuza mkononi, akaigongagonga kwa kucha,
akajaribu mfuniko, akaufungua, akaufunga.
"Hii," akauliza, "umeinunua duka gani?"

Unto alicheka hadi akaipiga teke sufuria.

Kwa hiyo tuliamka wote tumelowa, hata mgeni,
aliyekuwa amebaki kwetu kunywa chai
akiitwa Rasmus, mkaguzi wa lifti,
akituonyesha jinsi ya kuvuta kamba ya hema ili mshono upumzike.
Tone likakoma, au mvua ilikoma; hatukuhakikisha.

Kurudi, mita mia mbili kutoka gatini,
kayaki ilianza kuzomea chini ya paja langu la kushoto.
Kiraka. Nilijua ni kiraka.
Unto akakibana kwa kisigino, akatazama mbele kwa heshima,
mimi nikavuta, nikavuta,
na lile kasia likapinda, likafikiria,
likapinda tena, na halikuvunjika.

Gatini, viatu vikitema maji,
nilifungua daftari juu ya goti
nikafuta sita.