Aroba

Bwana Eleuterio wa La Paz anataka kwa kilo:
"Tatu na nusu, mama, bei ya kindugu."
Mama huuza kwa aroba, arobaini na sita,
viazi vingali na udongo wa Challapata.

Nimechutama nyuma ya magunia, mkaa kiganjani.
Aroba ni kilo kumi na moja na nusu.
Nagawanya ukutani, nafuta kwa kiwiko, nagawanya tena.
Nne. Nne kamili, bila baki.

"Anatupunja nusu kila kilo," namnong'oneza.
"Najua. Bega langu liligawanya zamani."

Akalipa nne, uso umemkunjamana.
Mama akachota konzi moja,
akamwongezea bure.

Nami nimekwama ukutani:
konzi ni gramu ngapi?
Na mkono wa nani?