Mundu

Usiku wa mvua, Nyakato, bibi alinikanda magoti
kwa maji ya moto. "Mifupa inakua," alisema.
Ilikua vibaya, hiyo mifupa.
Sakafu ya saruji naikumbuka kwa shavu.

Bugando wakaniongeza damu ya mtu nisiyemjua.
Ziwa lilikuwa dirishani, halina habari nami.

Leo, maabara, nimejichoma kidole mwenyewe,
nikatandaza tone kwenye kioo,
nikainamia hadubini.
Nilidhani adui atakuwa na sura ya kutisha.
Hizo hapo, zimepinda,
mundu kwa mundu,
kama zilizoachwa shambani Magu
wavunaji wa mpunga walipokwenda kula.

"Umeona nini, Milembe?" akauliza mwalimu.
Nikakawia kujibu.
Nilikuwa nazihesabu.