Nyinginezo, Eleza

Fomu yetu ina visanduku vinne.
Mara moja. Kila mwezi. Kwa wosia.
Cha nne kiko chini kabisa, karibu na mkunjo:
Nyinginezo, eleza.

Mimi ndiye mfungua bahasha
kila Jumanne, ghorofani, juu ya duka la miwani,
hapa Accrington, mji wa matofali mekundu
na mvua isiyopiga hodi.

Bwana Rafaqat wa gereji ya matairi
ni wa kila mwezi. Pauni tatu, tarehe mbili,
huja zenyewe toka benki
kama paka aliyezoea mlango.
Mwaka ule wa korona, gereji imefungwa,
nilimpigia simu nikamwambia apumzike.
Akasema: Tatu hazitanilaza njaa.
Zikikosekana huko kwenu
nitajuaje kama ningali nipo?

Winifred Entwistle, mwalimu wa hesabu,
alituandikia katika wosia
asilimia moja na nusu ya nyumba yake.
Ni kazi ya ajabu, kungoja pesa ya mtu
huku ukimwombea umri mrefu.
Kila Krismasi alipanda ngazi zetu
na kopo la biskuti za tangawizi,
akauliza kwa jicho la mzaha:
Bado mnanivumilia?
Alifariki Februari.
Asilimia moja na nusu ikawa paa
la ukumbi wanapokula chakula cha mchana
watu wasio na wa kula naye.
Kopo tunalo bado. Tunatilia stempu.

Kuna na mstari mwembamba wa saini:
kama unalipa kodi, serikali huongeza
peni ishirini na tano juu ya kila pauni.
Watu husita hapo kuliko penye kiasi.
Tia tu, nawaambia, haikupunguzii kitu,
nao huniangalia kama muuza dawa za sokoni.

Lakini mimi hukimbilia cha nne.
Piano, vitufe vitatu havitoi sauti.
Hisa za kampuni ya maji, jina lisitajwe.
Fundi bomba, saa mbili kila Alhamisi,
"ila msinipe choo cha ghorofa ya tatu tena."
Kezia Pilkington, miaka minane,
alinyamaza siku nzima kwa malipo,
akaleta pauni sitini na moja;
mchangiaji mkubwa alikuwa mama yake.
Na mmoja aliandika: Sina kitu.
Naweza kuja kubandika bahasha.
Akaja. Anaitwa Desmond.
Amekaa pale dirishani
akiilaumu gundi.

Kwetu tungesema haba na haba.
Hapa kibaba kina tundu:
tunajaza, bili ya gesi inakunywa,
tunajaza.

Sikuwaambia jambo moja.
Baridi yangu ya kwanza katika mji huu
nilikaa upande wa pili wa meza hii hii,
koti la kuazima, mita ya umeme nyumbani
imebakiwa na peni arobaini.
Mwanamke ambaye hakuniuliza swali mara mbili
alinipa vocha ya pauni arobaini na tisa.
Nikaihesabu ndani ya basi, karatasi moja,
kana kwamba ingeweza kupungua njiani.
Huenda zilikuwa tatu za Rafaqat
mara kumi na sita,
na moja ya mtu nisiyemjua.

Leo, Desmond alipokwenda kuchemsha chai,
nilichukua fomu.
Kila mwezi: nikatia alama.
Nikaandika tano, nikafuta, nikaandika nne,
maana bei ya mkate naijua.
Kisha kile cha chini, karibu na mkunjo.
Kalamu ilisimama hadi birika likalia.

Nilichoandika ni kifupi.
Nimekitia ndani ya bahasha, nimeilamba,
nimeisukuma chini ya rundo
ili Jumanne ijayo niifungue
kama ya mtu.