Shimo Moja Langoni

Bwana Lượng, muuza miche wa Dalat,
aliniuliza swali moja tu: "Umri wako?"
Nikamwambia sitini na saba.
Akaurudisha chini mche wa msonobari
polepole, kama muuza nyama
anayepunguza mnofu kwenye mizani.

Nina shimo moja langoni, si mawili.
Mpichi uliokuwapo umeliwa na mchwa.
Kaka yangu Thịnh kanipigia simu kutoka ng'ambo ya bonde:
"Panda msonobari, Khuyên. Mizizi yake hushika mlima.
Umesahau mwaka juzi?"
Sijasahau. Mvua ilikichukua choo cha jirani
ikakishusha hadi barabarani, kimesimama wima,
mlango umefungwa kwa komeo.
Nilicheka mchana kutwa.
Usiku nikalala na viatu miguuni.

Basi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapima.

Msonobari hauna haraka na mtu.
Mwaka wa kwanza ni brashi ya kuoshea chupa.
Wa tano, unanifika begani.
Wa ishirini ndio unaanza kuzungumza,
sauti ile ya mtu apulizaye chai
katika chumba cha pili.
Nani atakuwa chumba cha kwanza, asikilize?
Tena una choyo: sindano zake zikishaanguka
nyasi hukata tamaa, figili hudumaa,
chini yake pamefagiwa kama kwa mwalimu mkali.
Lakini mwezi wa kwanza, upepo ukija na visu,
wenyewe hauvui hata kitambaa.

Bogonvilia, huku kwetu twaiita ua la karatasi.
Rangi ile si ua hata,
ni majani yaliyovaa nguo za sikukuu.
Ua lenyewe jeupe, dogo kama punje ya wali,
limesongwa katikati
kama bibi harusi mwenye wapambe wengi mno.
Miaka miwili, na uzio wote wa mabati unawaka.
Miiba yake haijui mwenyeji wala mgeni,
humchana tarishi, hunichana na mimi.
Ni mtoto wa pwani, kama mama
aliyepanda mlima huu akiwa na miaka kumi na tisa
na akavaa soksi mbili mbili mpaka alipokufa.

Hapa ningepaswa kusema kila mmea una wema wake.
Sisemi. Nina shimo moja.

Nilinunua karatasi.
Bwana Lượng akanifungia mche ndani ya gazeti,
hakunitazama usoni.

Asubuhi jembe likagonga kitu,
harufu ikafika kabla ya sauti.
Msonobari wa baba!
Aliukata nikiwa na miaka minane,
mwaka ule Thịnh alipodaiwa ada,
kisha mpichi ukapandwa juu yake
na hakuna aliyeutaja tena.
Gome limekuwa unga. Moyo bado mwekundu,
unanata, mzito kwa utomvu.
Nikachanja kijiti, nikakipelekea kiberiti,
kikashika kana kwamba kilikuwa kikingoja kuulizwa.
Nikachemsha chai kwa moto huo,
mti wa miaka hamsini na tisa ardhini.

Mizizi mingine nimeiacha.
Mizizi mifu haishiki mlima, najua,
sihitaji kuambiwa.
Nilimwaga samadi ya kuku, nikaukalisha mche wangu
pembeni ya kisiki, nikafunga utepe kwenye uzio
ili mvivu huyu ajue njia.

Jioni Thịnh akauliza, "Umepanda upi?"
"Wako ulinitangulia," nikasema.
Hakuelewa. Nami sikumweleza,
maana mvua ilikuwa imeshaanza upande wake,
niliyasikia mabati yake ndani ya simu
kabla ya yangu.
Nikavuta viatu karibu na kitanda.